Mwalimu na Kirusi Kipenzi

Mtaani kwetu Rusimbi walimu ni wengi kuliko mitaro, lakini ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke kwa Mwalimu, hatakuuliza yupi. Atakuuliza kama una ushahidi kwamba unatarajiwa. Huo ni utani wa mtaa, na tuliouanzisha ni sisi tuliofundishwa naye baiolojia, maana mzee huyu hajawahi kupokea habari yoyote, iwe ya msiba au ya mvua, bila kuuliza ushahidi uko wapi. Ukimpa shikamoo ataitikia marahaba, kisha atakutazama juu ya miwani kana kwamba anasubiri uithibitishe hiyo heshima kwa maandishi.

Kwao ni wapi, na babu yake alifika Ujiji na msafara wa nani, waulizeni wazee wa barazani. Wao husimulia kila siku, na kila siku hadithi inapata ngamia mpya. Mimi namjua kama jirani tuliyegawana ukuta, na kama mtu aliyenipa sifuri kwa kuandika kwamba moyo ndio unaopenda. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Moyo ni pampu." Nilikuwa katika umri wa kupenda, na sikumsamehe upesi.

Siku hizi nina duka la dawa, kazi ambayo yeye anaamini ni urithi alioniachia akiwa bado hai. Kila asubuhi anakuja, anakaa kwenye benchi la wateja, na kunifukuzia wateja. Mtu akiomba dawa ya mafua, Mwalimu anamweleza kwa upole kwamba mafua huletwa na virusi, na virusi havisikii vidonge, arudi nyumbani akapumzike na kunywa maji. Yule mtu anarudi nyumbani kunywa maji. Mimi nabaki na vidonge vyangu na elimu.

"Mwalimu, sasa mimi nitakula nini?" nilimuuliza siku moja.

"Kula ukweli."

"Ukweli hauna mawese."

"Ndiyo maana watu hawaupendi," akasema, akafungua gazeti.

Alivichukia virusi vyote kwa haki sawa, isipokuwa kimoja. Hicho alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanafunzi yeyote. Alikisifia pale dukani kama mama anayemsifia kijana wake kwa wazazi wa msichana: hakina makuu, hakina ugonjwa wake, kinaingia ndani ya mtu na kutulia bila kuvunja chombo. Wenzake wanakaa barazani kubishana Simba na Yanga, yeye anabishana na simu yake kuhusu ganda la kirusi. Nilidhani ni uzee. Kumbe ilikuwa ni Tausi.

Tausi ni binti yake wa pekee, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, na mkono bora wa piko katika Kigoma nzima. Harusi ambayo bibi harusi hakupakwa na Tausi watu waliiita harusi ya haraka. Alikuwa anaweza kuanza ua kwenye ukucha na kulimalizia kwenye kiwiko bila kuinua mkono, huku anasengenya. Halafu siku moja, harusini Mwandiga, ua likaruka. Mstari ulitoka kwenye kiganja ukaenda kwenye gauni. Bibi harusi akalia, mama yake akasema Tausi amelewa, na Tausi mwenyewe akacheka, akasema ni uchovu. Mwalimu alipoelezwa hakucheka, wala hakuuliza ushahidi.

Alikuwa ameshauona ugonjwa huo. Mkewe, mwanamke wa Kagunga, alikufa kwa ugonjwa uliomchezesha vidole, kisha mikono, kisha miguu, ukamalizia na akili. Kule kwao walisema anacheza ngoma asiyoisikia mtu mwingine. Wataalamu wa pepo walikuja, wakala kuku, wakaondoka. Mwalimu alipowadai ushahidi walimjibu kwamba pepo hapendi maswali. Ugonjwa wenyewe una jina la daktari fulani wa Kizungu, na ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ni kama shilingi iliyorushwa juu, itaangukia upande huu au ule. Mwalimu alikuwa na shilingi moja tu.

Daktari mmoja wa Dar es Salaam, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyemwambia kwamba Ulaya kuna watafiti wanaojaribu tiba. Wanatumia kirusi kubeba dawa hadi ndani ya ubongo, na huenda baadaye wakachukua wagonjwa wa nje, Tausi akiwa mmoja wao. Basi mzee akapata kirusi kipenzi. Akaacha kusoma habari za siasa. Akaacha hata kunisahihisha, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Nakumbuka alivyomweleza Mama Mkubwa. Huyu ni dada wa marehemu mkewe, anatoka Kagunga na mizigo ya dagaa, na akifika mjini hushukia dukani kwangu kwanza ili duka zima linuke ziwa. Siku hiyo Tausi alikuwepo, amekaa kwenye stuli, mikono kaibana katikati ya magoti ili isionekane.

"Bwakeye, shemeji," alisalimia Mama Mkubwa. "Nasikia hao Wazungu wako wanataka kumtia mtoto ugonjwa ili apone ugonjwa. Ndiyo elimu hiyo?"

"Wewe si mtu wa Kagunga? Unaijua mitumbwi ya magendo?"

"Mie sijui lolote," akajibu haraka sana.

"Tufanye hujui. Kuna mtumbwi unaojua vichochoro vyote vya ziwani, hakuna bandari unayoshindwa kuingia. Huo ndio kirusi. Wanasayansi wameukamata, wakamwaga mzigo wake wote majini, wakapakia dawa. Wenyewe unaingia ubongoni kama ulivyozoea, unashusha. Na hiyo dawa ni amri tu. Inaiambia ile jeni mbovu inyamaze."

"Na askari?" akauliza Mama Mkubwa, asiyejua lolote.

"Hapo ndipo penye tabu. Mwili una askari wake, wanaitwa kingamwili. Wakishawahi kuuona mtumbwi huo hata mara moja, hawaisahau rangi yake. Siku ukirudi, hata ukiwa umebeba misahafu, wanauzamisha."

Tausi akainua kichwa. "Si waupake rangi nyingine, Baba?"

Mwalimu akamtazama. Huyu ndiye mtoto aliyemkatalia chuo akaenda kupaka watu piko, na kwa miaka mingi mzee alikuwa akisema sanaa hiyo ni uchafu unaolipiwa.

"Wanapaka," akasema. "Ndiyo kazi inayowatoa jasho sasa hivi. Lakini hiyo rangi bado haijakauka."

Sasa, ili msomaji aelewe balaa lililofuata, lazima ajue jambo moja. Kirusi hicho kipole hakikai maabara kikisubiri kuitwa. Kinazurura. Kinapita kwa watu pamoja na mafua ya kawaida, mtu anakipata bila kuugua wala kujua, na askari wake wanaikariri rangi. Mtu wa namna hiyo watafiti hawamtaki. Kwa maneno mengine walikuwa wanatafuta mgonjwa wa ugonjwa wa ukoo ambaye hajawahi kuishi na ukoo. Mwalimu alilisoma hilo, akavua miwani, akaifuta, akatangaza vita dhidi ya sinia.

Nasema sinia, na ninyi mliolelewa huku mnanielewa. Sisi hatuli, tunakutana. Wali unapakuliwa kwenye sinia moja, watu wanalizunguka, kila mkono unachimba upande wake, na mwenye nyama nono anamsogezea jirani. Ukikataa sinia la mtu hujakataa chakula, umemkataa yeye na waliomzaa. Mwalimu aliliita mkutano mkuu wa virusi.

Akamnunulia Tausi sahani. Ilikuwa ya bati, yenye maua mekundu pembeni, na kawa lake. Harusini, msibani, kwenye hitma, kwenye Idd, mzee alifika na sahani kwapani kama mkaguzi wa shule, akaomba Tausi apakuliwe kabla ya watu kunawa. Kisha Tausi alikaa peke yake mlangoni, penye upepo. Na kama kuna mtoto alikohoa hata nyumba ya tatu, walifunga safari kurudi kwao kabla ya dua.

Mtaa ulilipokea jambo hili kwa utulivu wake wa siku zote. Wengine walisema Tausi ana kifua kikuu. Wengine walisema Mwalimu amepata fedha za watu wa nje na sasa anatuona wachafu. Shoga yangu mmoja, ambaye hata kuandika kirusi hawezi, alinieleza kwa kirefu kwamba ni masharti ya mganga wa Kasulu. Mimi nilijua ukweli wote na bado niliumia. Kuna siku nilipika samaki migebuka kwa mawese, nikasonga ugali wa muhogo, nikamwita Tausi tule kama zamani. Alikuja na sahani. Tulikula tukiwa tumepeana mapande ya mkeka, kama watu waliogombana kwa mwenyekiti wa mtaa, na tulipomaliza aliniambia, "Usinikasirikie. Mimi nataka kupona."

Nikaiosha sahani yake kwanza, kabla ya vyombo vyangu. 

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Mkubwa. Dada yake alipoanza kuugua, ni yeye aliyemchukua Tausi Kagunga akiwa bado mchanga, akamlea mpaka akaanza shule. Siku Mwalimu alipomkamata Tausi mkono usiingie kwenye ugali wake, Mama Mkubwa alisimama na mwiko.

"Shemeji, mkono huu ndio uliomkuza huyu. Leo una sumu?"

"Hauna sumu. Una watu wengi."

Jibu hilo la kisayansi lilimfanya Mama Mkubwa asituletee dagaa kwa muda mrefu. Duka langu likanuka dawa tupu, na nakiri kwamba nilikosa harufu ya ziwa.

Msidhani mzee alikuwa jiwe. Alikuwa na unafiki wa kutosha, kama sisi. Mtu huyu aliyewacheka watu wa pepo alikuwa na hirizi ya marehemu mkewe mfukoni. Niliiona siku alipotoa kitambaa cha kufutia miwani, ikaanguka kwenye kaunta yangu. Nikamuuliza ushahidi wa hirizi uko wapi. Akairudisha mfukoni, akasema ni ngozi tu, ngozi ni protini. Jioni za Alhamisi alikuwa akimwomba imamu amsomee Tausi dua, na alimsihi asiseme, ombi ambalo imamu alilitunza vizuri sana, alimwambia mkewe tu, na mkewe ni mteja wangu.

Lakini unafiki mkubwa ulikuwa mwingine, na huo haunichekeshi. Yule daktari alimwambia tangu mwanzo: chukueni damu, niitume ikapimwe kingamwili, tujue. Ni sindano moja. Mwalimu akasema tusubiri. Mwaka ukaisha, akasema tusubiri majaribio yakaribie, damu iwe mbichi. Mtu aliyeishi kwa kudai ushahidi, ushahidi ulipomfuata mpaka mlangoni alijifanya hayupo. Alikuwa anaogopa. Kila sahani iliyoliwa peke yake ilimpa siku nyingine ya kutumaini, na aliona ni bei nafuu, labda kwa sababu anayekula peke yake alikuwa mwingine.

Mikono ya Tausi haikusubiri. Piko aliiacha. Kikombe akawa anakishika kwa mikono miwili, halafu akawa anashikiwa. Alianza kusahau majina, akakasirika ovyo, akaomba radhi, akasahau aliombea nini. Daktari akapiga simu mwenyewe, akasema watafiti wanafungua milango na damu inatakiwa sasa. Hapo hapakuwa tena na pa kujificha.

Majibu yalikuja kwa simu, dukani kwangu. Tausi alikuwa kwenye stuli yake. Mama Mkubwa naye alikuwepo. Tausi ndiye aliyemwita, na kwa Tausi alikuwa hawezi kukataa. Mwalimu aliweka sauti kubwa ili, alisema, kusiwe na mtu wa kumpotosha mwenzake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Kingamwili anazo, Mwalimu. Tena nyingi. Hawawezi kumchukua, siyo kwa kirusi hiki."

"Amezipata lini?"

"Hatuwezi kujua. Mara nyingi ni utotoni, mtoto akiwa mdogo kabisa. Wengi wetu tunazo, Mwalimu. Huenda na mimi ninazo, na wewe. Mtu akikua katikati ya watu anazipata."

Mwalimu aliishika ile simu, asiiweke chini wala sikioni. "Kwa hiyo hii miaka ya sahani..."

"Mwalimu, nadhani alikuwa nazo kabla."

"Ahsante," akasema. "Ulikuwa mwanafunzi mzuri." Akatoka nje, akaacha kofia yake kwenye benchi, akaenda upande usio wa nyumbani kwake.

Tausi hakulia. Aliuliza tu, "Basi harusi zile zote ningeenda?"  Mimi nilikuwa namtazama yeye, ndiyo maana sikumwona Mama Mkubwa. Nilipogeuka nilimkuta amesimama anaitazama mikono yake. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu alishawahi kunisimulia kwa fahari jinsi alivyomlea yule mtoto: uji aliupoza kwa kuupuliza, karanga alizitafuna kwanza yeye ndipo akamlisha, na usiku wa kikohozi walilala shuka moja. Mtoto akiwa mdogo kabisa, daktari alisema.

Baada ya hapo Mwalimu hakuonekana benchini. Mafua yakauzika. Niliuza vidonge mpaka nikaona aibu.

Tulikutana tena siku ya Idd, uani kwangu. Wanaume walikuwa barazani na masinia yao, sisi wanawake uani na yetu, kama inavyotakiwa. Tausi aliletwa, akakalishwa katikati yetu, pale anapopata wa kumwegemea huku na huku. Nilipakua pilau. Mama Mkubwa alikuwa amekuja na boti ya Kagunga, amevaa vizuri, lakini hakukaa kwenye sinia. Aliingia jikoni akatoka na ile sahani ya bati yenye maua mekundu, ambayo Tausi aliisahau kwangu, akajipakulia, akaenda kukaa mlangoni peke yake. Tukamwita. Akasema ana joto.

Ndipo Mwalimu akaingia. Upande wa wanawake, mchana kweupe, mzee wa watu! Khanga zikapandishwa, mmoja akasema "Astaghfirullahi" mdomo ukiwa na nyama. Mzee hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akamchukua Mama Mkubwa sahani mikononi, akaja nayo mpaka kwenye sinia letu, akaimwaga pilau yote upande wa Tausi.

"Njoo ule," akamwambia.

Mama Mkubwa alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Shemeji, niache. Ni mkono huu. Mie ndiye niliyemwambukiza mwanangu, nikamfungia dawa."

"Ushahidi uko wapi?"

Mama Mkubwa akajifuta machozi kwa pembe ya khanga.

"Nimekuuliza, ushahidi uko wapi? Alikwenda sokoni, alikwenda chuo cha Kurani, alishikwa na Kagunga nzima. Umempima nani wewe? Una maabara?" Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, tuliyokuwa tukiiogopa mpaka kwenye ndoto. "Huna. Basi usiniletee darasani kwangu jambo ambalo huna ushahidi nalo. Nawa mikono."

Akanawa. Alikaa kulia kwa Tausi, na Mwalimu, kwa kuwa nafasi ilikuwepo na dunia ilikuwa imeshaharibika, akakaa kushoto. Mama Mkubwa akafinyanga tonge dogo, akalipuliza, kisha akashtuka kwamba amepuliza. Mzee akajifanya anatafuta kipande cha nyama. Tausi akafungua mdomo, akalishwa. Halafu naye akachota kwa mkono wake unaojirusha, pilau nusu ikaenda kwenye khanga yangu, nyingine akaisukuma kuelekea kwa baba yake. Ilimpata kwenye miwani. Mzee aliivua, akala punje zilizobaki kwenye kioo moja moja, akasema chumvi imepungua. Nilicheka, kisha nikaingia jikoni kulia.

Sahani ile imebaki kwangu. Nimeiweka kaunta, natilia chenji, na Mwalimu anaiona kila asubuhi kwa sababu amerudi kwenye benchi lake, Tausi pembeni yake, amemshika kiganja ili kisirukeruke. Hajaidai. Mimi nikishafungua duka na kufagia, namuuliza swali moja kabla hajaanza kazi yake ya kunifukuzia wateja.

"Mwalimu, vipi, rangi imekauka?"

Anatazama simu, anamtazama bintiye.

"Bado," anasema.